Nishati ya fotoni katika ulimwengu unaotanuka inakwenda wapi?

Swali
Tangu sekondari tumefundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Hata hivyo, mnururisho ulioachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, ukiwa na halijoto ya karibu kelvini 3,000, leo umepoa hadi kelvini 2.7, na mawimbi yake yamerefuka takribani mara 1,100. Maana yake ni kwamba kila fotoni, yaani kila chembe ya mwanga, imebakiwa na sehemu moja tu kati ya 1,100 ya nishati iliyoanza nayo. Naomba mwenye ujuzi anieleze nyingine imekwenda wapi, kwa sababu sioni kitu kilichoipokea.

Jibu la kwanza
Ndugu, nadhani imetumika kuusukuma utanukaji wenyewe. Gesi iliyo ndani ya silinda hupoa inapoisukuma pistoni, na nishati inayoipoteza huhamia kwenye pistoni hiyo. Mnururisho nao una kanieneo, na ukipiga hesabu kwa njia hii unapata upungufu uleule.

Jibu la pili
Hesabu inakubali, lakini pistoni haipo. Ulimwengu hauna ukuta, na kanieneo ya mnururisho ni ileile kila upande, hivyo hakuna kinachosukumwa. Tena katika milinganyo ya Einstein ya graviti kanieneo hiyo huupunguza mwendo wa utanukaji badala ya kuuongeza.

Ufunguo uko katika kazi ya mwanahisabati Emmy Noether ya mwaka 1918, ambayo alisukumwa kuifanya na fumbo la uhifadhi wa nishati katika nadharia ya Einstein, lililokuwa likiwataabisha wanahisabati Hilbert na Klein huko Göttingen, Ujerumani. Alithibitisha kwamba nishati huhifadhiwa pale tu ambapo kanuni zinazoutawala mfumo hazibadiliki kwa kupita kwa wakati. Anga inayotanuka haina sifa hiyo, kwa hiyo hakuna sheria inayodai jumla ya nishati ya ulimwengu mzima ibaki ileile. Kinachobaki ni uhifadhi wa mahali padogo, ambapo utanukaji hauonekani, na huo haujawahi kuvunjwa.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, haiwezekani kwamba graviti ndiyo iliyoipokea?

Jibu la pili
Wapo wanaoliandika daftari la hesabu kwa namna hiyo, nami siwapingi mradi wakumbuke udhaifu wake. Mtu anayeanguka bila kizuizi hahisi graviti, hivyo mahali popote unaweza kuchagua mfumo wa kupimia mahali na wakati utakaoifanya nishati ya graviti iwe sifuri, na mwenzako akachagua mwingine akapata jibu tofauti. Kitu cha namna hiyo ni vigumu kukiita ghala lililopokea nishati ya fotoni.

Uitazame pia nishati giza, iliyohitajika baada ya vipimo vya mwaka 1998 kuonyesha kwamba utanukaji unaongeza kasi. Ikiwa msongamano wake haubadiliki, kama wengi tunavyodhani, basi umbali kati ya galaksi ukiongezeka maradufu, nishati giza iliyomo katikati yake huwa mara nane ya ile ya awali, wala hatuitafutii mahali ilikotolewa.