Naomba ushauri: ada ya uwanja wa ndege kwenye gari la kukodi, California

Mkodishwaji:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mwezi uliopita nilikodi gari kwenye kaunta ya kampuni moja iliyomo ndani ya uwanja wa ndege, jimbo la California, Marekani, kwa siku 5, kisha nikaongeza siku 2. Bei ya gari lenyewe ilikuwa dola 360. Nilipoisoma ankara ya mwisho nilikuta mistari miwili iliyonikera: ada ya kituo cha wateja, dola 9 mara 7, jumla dola 63, na ada ya kibali cha uwanja, asilimia 11.11, yaani dola 40. Mhudumu aliyepokea funguo alinijibu bila kuinua macho kwamba hizo zote ni za serikali na kampuni haina lake hapo. Je, sheria inaruhusu ada hizi, na zina ukomo?

KaraniMstaafu:
Ndugu yangu, mhudumu alikupa nusu ya jibu. Ada ya kituo cha wateja kweli imewekwa kwa sheria ya jimbo, na kampuni huikusanya tu kwa niaba ya uwanja. Awali ilikuwa isiyozidi dola 10 kwa mkataba mzima, hata ukikaa na gari mwezi. Sheria ya 2010 ikaruhusu viwanja, baada ya kusikiliza maoni ya umma na hesabu zao kukaguliwa na mkaguzi huru, kutoza kwa siku: hadi dola 6 kuanzia 2011, dola 7.50 kuanzia 2014 na dola 9 kuanzia 2017. Hapo ndipo penye jambo lako, kwa sababu sheria hiyohiyo inasema ada ya siku isitozwe kwa zaidi ya siku 5 katika mkataba mmoja. Tisa mara tano ni 45, kwa hiyo nawauliza waliokuandikia 63 wameitoa wapi. Fedha hizo nazo zina kazi maalumu, yaani kujenga jengo la pamoja la kampuni za kukodisha magari na usafiri wa kuwafikisha abiria huko.

Mama Zainabu:
Niongeze kuhusu ile 11.11, maana watu wengi huidhania kuwa kodi. Uwanja hudai kampuni asilimia 10 ya mapato yake ili iruhusiwe kufanya biashara pale, na kampuni humrudishia mteja mzigo huo. Lakini hicho inachokurudishia nacho huhesabiwa kuwa mapato, kwa hiyo asilimia 10 kamili isingetosha. Chukua 360 yako, ongeza 40, unapata 400, na asilimia 10 ya 400 ndiyo hiyo 40. Kwa maoni yangu ni sawa na mpangaji kumwandikia mteja pango lake kwenye risiti, lakini sheria ya California inakubali iandikwe kando mradi mteja aoneshwe tangu anapopewa bei. Kama ulioneshwa kabla ya kusaini, hiyo usiigombanie.

Wakili Mchanga:
Kabla hujaandika barua, angalia jambo moja. Ukomo wa siku 5 unafuata mkataba, si safari. Zile siku 2 uliziongeza kwa simu, au ulisaini karatasi mpya? Kama ni mkataba mpya, kampuni inaweza kusema hesabu ilianza upya.

Mkodishwaji:
Nilirudi kaunta nikasaini karatasi ya pili, na hapo nilianza kukata tamaa. Hata hivyo nimezilaza zote mbili mezani sasa hivi: namba ya mkataba iliyo juu ni ileile, na ya pili imeandikwa kuwa ni nyongeza ya muda. Ankara pia ni moja.

Wakili Mchanga:
Basi una hoja. Andika barua fupi kwa kampuni, uambatanishe karatasi zote mbili na ankara, udai dola 18 zilizozidi na uombe wakuoneshe kifungu kinachowaruhusu kuvuka siku 5. Wakikaa kimya na ulilipa kwa kadi, pinga malipo hayo kupitia benki yako kabla muda wake haujapita. Usichanganye na zile 40, kwani ukidai usichostahili watajibu hicho na kukiruka unachostahili.

Mkodishwaji:
Nimekuelewa. Barua inaondoka leo, ya dola 18 tu.