Naombeni ushauri: miaka 6 naigiza mwanamke mkatili, sasa nina ofa mbili mezani

Mleta uzi
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwigizaji, nina miaka 34. Nimecheza tamthilia tatu na zote nimepewa uhusika uleule: mke mkatili, sauti juu, macho makali. Kazi hiyo siichukii, ndiyo iliyonilea. Ila mwezi uliopita nilienda usaili wa mhusika muuguzi, mtu mpole, na kabla sijafungua mdomo muongozaji akasema, "Wewe tunakujua, subiri ije ya kwako." Nililia njia nzima.

Ofa ya kwanza ni tamthilia kubwa. Mkataba wa miaka 2, malipo kila mwezi, mkatili tena, na nisiigize kwingine kokote. Ya pili ni filamu: onyesho moja tu, mama anakunja nguo za mwanawe, simu inaita, anapewa taarifa ya msiba. Siku 2 za kurekodi, hela kidogo. Tarehe zinagongana. Nina watoto wawili. Mngekuwa mimi mngechukua ipi?

Kobe Mwendo
Miaka miwili, bila kuwaza. Watoto hawali sifa. Onyesho moja watu wanalisahau kabla hawajatoka ukumbini.

Wa Jukwaani
Kobe, kuhusu watoto nakuunga mkono, kuhusu onyesho moja hapana. Viola Davis mwaka 2008 alikuwa na onyesho moja kubwa kwenye filamu ya *Doubt*, dakika chache amesimama na Meryl Streep, akateuliwa kuwania Oscar. Alikuwa na miaka 43 na jukwaani alikuwa ameshafanya kazi kubwa, lakini wengi walimjua siku ile.

Na Bryan Cranston? Watu walimzoea kama baba kwenye tamthilia ya vichekesho. Alipopendekezwa kuwa mhusika mkuu wa tamthilia ya *Breaking Bad*, wakubwa wa kituo hawakumwona mtu mzito pale. Mtunzi, Vince Gilligan, akawaonyesha kipindi kimoja cha tamthilia ya *The X-Files* alichokiandika mwenyewe mwaka 1998, Cranston akiwa mgeni tu. Miaka ilikuwa imepita, lakini kile kipindi kimoja ndicho kilichomtetea. Dada, wewe huna cha kuwaonyesha. Ndiyo maana yule muongozaji hakukusikiliza.

Mtu wa Mikataba
Kabla ya kuchagua, rudi kwenye hicho kipengele cha kuzuiwa. Mara nyingi kinaandikwa kipana makusudi, na prodyuza hutegemea utakiomba kipunguzwe. Omba ruhusa ya maandishi ya kufanya filamu kwa siku zilizotajwa, mradi zisivuruge ratiba yao. Angalia pia kama wanaweza kuurefusha mkataba wao peke yao, na kama siku utakazokuwa umesimamishwa zitaongezwa mwishoni.

Hilo la mwisho lina historia. Olivia de Havilland, mwigizaji wa Hollywood, alichoka kupewa wasichana wapole wasio na la kusema. Kila akikataa uhusika, studio inamsimamisha na kuongeza siku hizo kwenye mkataba. Akaenda mahakamani, na mwaka 1944 mahakama ya rufaa ya California ikaamua kwamba miaka 7, ukomo wa kisheria wa mkataba kama huo, ni ya kalenda, haivutwi. Baada ya hapo alishinda Oscar mbili. Usisaini kwa kuogopa kuonekana msumbufu.

Mzee wa Lenzi
Nimeshika kamera za tamthilia muda mrefu, mdogo wangu, kwa hiyo mimi naongelea hizo siku 2. Tamthilia ya kila siku inapigwa mbio, kurasa nyingi kwa siku, na mwigizaji anazoea kulipua hisia kwenye teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza kamera inaporekodi, ili kazi isonge. Kwenye filamu uso wako utajaa skrini nzima. Nyusi ikipanda kidogo tu inasikika kama kelele. Kwa kawaida wataanza na shoti ya mbali: usiyamalize machozi pale, ya karibu inakuja. Muulize mpiga picha fremu inakatia wapi, hakuna aibu.

Halafu mikono. Ukishusha nguo kwenye neno fulani, ishushe kwenye neno hilohilo kila teki, la sivyo picha hazitaunganika. Nimeshaona mhariri akitupa teki iliyotuliza seti nzima kwa sababu ya kitambaa kilichohama mkono.

Kobe Mwendo
Nakubali kuhusu ruhusa ya maandishi. Ikipatikana, fanya vyote.

Mleta uzi
Nimerudi. Nimezungumza na prodyuza wa tamthilia, sauti ikinitetemeka. Kwa mdomo amekubali siku 3. Nimemwambia nitasaini nikiziona kwenye karatasi. Ahsanteni sana, jana nimelala.

Mzee wa Lenzi, skripti haisemi ni nguo ngapi ameshakunja simu inapoita.

Mzee wa Lenzi
Fanya tatu. Ya nne iwe mkononi, na ibaki haijakunjwa kila teki.