Lupita Nyong'o: jukwaani au kwenye skrini, wapi anatisha zaidi?

Mzee wa Kaunta: Wadau, mimi Lupita namuona ni mtu wa jukwaa, Hollywood wanamtumia robo tu. Alipochukua Oscar 2013 kwa 12 Years a Slave tukajua mlango umefunguka, kilichofuata ni nini? Maz Kanata wa Star Wars, kiumbe cha kompyuta. Jungle Book, sauti ya mbwa mwitu. Juzi 2024 roboti, Wild Robot. Sura yenyewe wameificha! Ila 2016 kapanda Broadway, zile kumbi kubwa za tamthilia New York, na tamthilia ya Eclipsed, nominesheni ya Tony hiyo, tuzo kubwa ya jukwaa Marekani. Anayebisha aje na hoja, nyie wa klipu za YouTube kaeni pembeni kwanza.

Binti Likoni: Oscar alipewa 2014, filamu ndiyo ya 2013. Na hiyo ya wa klipu unamsema nani? Wewe uliingia Broadway?

Mzee wa Kaunta: Sikuingia ila nimesoma sana kuhusu ile tamthilia.

Binti Likoni: Kumbe na wewe ni wa klipu, tena bila klipu yenyewe.

Jongoo Mjini: 😂😂 mzee kapigwa kwenye mshono

Fundi Taa: Mkishamaliza kucheka mtu anijibu kuhusu filamu ya Us ya 2019. Yule dada kacheza watu wawili wanaowindana, Adelaide anaongea kawaida kama mama yeyote aliye likizo na familia, halafu anakuja Red, sauti inakwaruza kama koo limebanwa miaka na haijazoea kutoka, mgongo umenyooka kama kijiti, na dakika nzima unasahau ni mtu mmoja. Jukwaani huwezi kugombana na nafsi yako ana kwa ana namna ile, lazima kamera. Hiyo ndiyo robo? Na Oscar hawakumpa hata nominesheni.

Jongoo Mjini: Mzee bado hajasema kasoma wapi

Mzee wa Kaunta: Dada Likoni usinipandishe presha. Nilichosema, Eclipsed Lupita aliibeba kwa miaka. 2009 yuko mwanafunzi chuo cha Yale alikuwa wa akiba, yaani kajifunza mistari yote asipangwe, akaja kuirudia akiwa na Oscar yake. Aliyeiandika ni Danai Gurira, yule Okoye wa Black Panther. Mtu wa pesa tu angerudi huko?

Kibe wa Thika: Mambo ya jukwaa ni ya wadosi bana, tiketi moja huko New York ni rent ya mtu. Filamu mimi hutazama na watu wa nyumba yangu wote.

Binti Likoni: Kibe usiseme usichokijua. Twelfth Night, tamthilia ya Shakespeare, aliyocheza 2025 pale Delacorte, ukumbi wa wazi wa Central Park, New York, tiketi ni bure, watu hupanga foleni tu. Alikuwa Viola na kaka yake wa damu Junior ndiye Sebastian, wakaongea na Kiswahili humo ndani.

Mwana Pangani: Kiswahili gani, cha Nairobi? 🤣 Hapo wangeleta mtu wa Tanga awanyooshee.

Kibe wa Thika: Nyinyi Watanzania mkisikia Kiswahili lazima mkague kama askari wa trafiki. Lupita ni wa Kenya, mwongozaji Saheem Ali kazaliwa Nairobi, nyinyi mlipeleka nani?

Mwana Pangani: Lupita kazaliwa Mexico mkuu, tuheshimiane.

Kibe wa Thika: Kazaliwa Mexico akalelewa wapi? Akiwa na miaka 14 alicheza Juliet na kundi la maigizo la Phoenix Players, hiyo ni Nairobi ama ni Tanga?

Fundi Taa: Jamani sikilizeni. Viola na Sebastian ni mapacha meli imewazamia, kila mmoja anadhani mwenzake kafa, sasa mkikutana ugenini na ndugu yako uliyemlia msiba mnaanza na Kiingereza? Lafudhi inahusu nini hapo.

Mwana Pangani: Inahusu, mimi ningecheka.

Mzee wa Kaunta: Ahsante Fundi, umeona jukwaa linavyofanya kazi!

Fundi Taa: Sijaona jukwaa mzee, mimi nimeangalia ile waliyorekodi PBS, televisheni ya Marekani, kamera iko usoni kabisa.

Jongoo Mjini: Weka linki

Kibe wa Thika: Pangani bado nangojea, mlipeleka nani?