Waundaji wa michezo ya ubao Mombasa, mwatufukuza mezani halafu mwasema hatuna akili

Nimechoka, na leo nasema wazi. Hapa Mombasa wako vijana wanaounda michezo ya ubao, na wako wanaoandaa jioni za kuicheza kule Nyali. Kazi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, ndiyo maana nilitoa pesa zangu nikanunua kisanduku cha mchezo wa biashara ya majahazi. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Picha ni nzuri kupita kiasi. Lakini mgeni hawezi kuucheza, na nilipowaandikia kulalamika nikajibiwa kwamba mchezo huo si wa kila mtu, eti sisi wa Pwani tumezoea karata na keram.

Jibu hilo limeniuma kuliko pesa.

Kwanza mchezo wenyewe. Kijitabu cha sheria kinaanza na historia ya pepo za kaskazi na kusi, kurasa baada ya kurasa, na namna ya kushinda huioni mpaka karibu na mwisho. Mgeni akikaa mezani swali lake la kwanza ni moja: hapa natafuta nini? Asipolijua hilo, kila sheria unayomwambia inampotea, kwa kuwa hana pa kuipachika. Kisha zamu moja ina hatua saba, na lazima zifuatwe kwa mpangilio. Mama mdogo, mwanamke aliyeuza vitambaa Biashara Street miaka na miaka, anayepiga hesabu za majora kichwani bila kalamu, aliinuka kabla dadu haijarushwa hata mara moja. Nani atathubutu kusema huyo ndiye asiye na akili?

Na kijitabu chote ni Kiingereza. Mchezo wa majahazi, umeundwa Mombasa, unauzwa Mombasa! Herufi za kahawia juu ya karatasi ya kahawia. Bidhaa zinatofautishwa kwa rangi peke yake, nyekundu na kijani, bila alama yoyote, hali wako wanaume si haba wasioweza kuzitenganisha rangi hizo mbili. Na anayefilisika mapema anatolewa, akae awatazame wenziwe mpaka mwisho. Ugonjwa huo ni wa Monopoly, ambayo Parker Brothers waliitoa mwaka 1935. Hadi leo mwaurudia ya nini? Na anayefilisika wa kwanza mara nyingi ni nani? Ni yuleyule aliyekuja kujifunza.

Msiniambie kwamba mchezo mwepesi kueleza ni wa kitoto. Ticket to Ride, mchezo wa njia za reli wa Alan R. Moon, ulitoka mwaka 2004, na mwaka huohuo ukapata tuzo ya Ujerumani ya Spiel des Jahres. Zamu yako ikifika una mambo matatu ya kuchagua, na unafanya moja tu: uchukue kadi za mabehewa, uimiliki njia, au uchukue tiketi mpya. Basi. Watu wazima wanaumiza vichwa juu yake, kwa sababu kazi iko katika kuamua, haiko katika kukumbuka sheria.

Wala tusiende mbali. Bao tulilorithi lina mashimo 32 na kete 64. Bao la kiswahili ni gumu kwelikweli: unaanza na kete 22 mkononi, mnanamua kwanza, yaani mnaziingiza ubaoni moja moja, mtaji baadaye, yaani mnacheza na zilizo ubaoni tu; nyumba, lile shimo maalumu, ina sheria zake, kichwa na kimbi, mashimo ya mwishoni mwa safu ya mbele, navyo vina zake. Wazee walijua kwamba anayeanza hawezi kuyabeba yote kwa mkupuo. Ndipo likawepo bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, zote ubaoni tangu mwanzo, hakuna kunamua, mnaingia kwenye mtaji moja kwa moja. Ubao ni uleule, kula ni kulekule, na bado wataka kummaliza mwenzio kete za safu ya mbele. Mtoto anacheza mchezo mzima siku ya kwanza, anakula na kuliwa, na yale magumu yanamngoja mpaka ayatake mwenyewe. Elimu hiyo iko barazani Mji wa Kale, bure, na nyinyi hamkwenda kuuliza. Halafu mwatuambia sisi ndio hatuwezi michezo ya kufikiri!

Na hizo jioni za Nyali. Kiingilio tunalipa, sawa. Mwelekezaji anasimama anasoma sheria mpaka watu wanasinzia, kisha waliozoea wanamwamuru mgeni: weka hapa, usiuze hiyo, utaharibu. Nilimwona binti mmoja wa chuo, zamu zake zote zilichezwa na aliyekaa kando yake. Sijamwona tena pale, na simlaumu. Mwacheni mtu aweke kete mahali pabaya! Akiliwa, raundi ya pili atataka kurekebisha. Akiamriwa, hata akishinda hana alichofanya.

Nasikia toleo la pili la mchezo wa majahazi liko njiani. Kabla hamjalipeleka kwa mchapaji, leteni kisanduku Kibokoni, au Majengo, au Likoni, kwa watu ambao hawajawahi kukiona. Wawekeeni mezani, mkae pembeni, mfunge midomo. Msieleze lolote. Andikeni kila mahali wanapokwama, kila wanaporudi kitabuni kutafuta jambo lilelile, kila anapoinuka mtu. Kisha mkakate. Sheria za ushuru na za dhoruba zingoje mchezo wa pili. Kila mchezaji apewe karatasi moja, upande mmoja, kwa Kiswahili, na mstari wa juu kabisa useme mtu anashindaje. Mkikosa watu wa kujaribia, niandikieni, nitawakusanya mimi.

Wengine mlionunua kisanduku hiki, semeni hapa mlikwama ukurasa gani.