Utangulizi wa filamu kuhusu lugha za Kichina: mwendo uanzie wapi?

Mchoraji, Ipagala
Ndugu wanajukwaa, hapa Dodoma natengeneza utangulizi wa katuni wa sekunde 30 kwa filamu fupi kuhusu lugha na lahaja za Kichina. Nimechora ramani ambayo majimbo yake yanawaka moja baada ya jingine, lakini naiona imepooza. Naomba ushauri.

Mwalimu, Kikuyu
Ramani iache. Anza na toni, yaani mpando na mshuko wa sauti unaobadili maana ya neno, kwa kuwa Kimandarini, lugha kuu ya China, kina toni kuu 4: ya juu iliyonyooka, inayopanda, inayoshuka kisha kupanda, na inayoporomoka. Chora kila moja kwa mkupuo mmoja wa brashi, sauti ikiufuata mstari, halafu ingiza Kikantoni, Kichina cha Hong Kong, chenye toni 6, ili mtazamaji aione mistari ikiongezeka kabla hajaelezwa lolote.

Mhariri wa video, Area C
Namuunga mkono Mwalimu. Ila Hong Kong na Taiwan huandika herufi za asili, ilhali China bara hutumia zilizorahisishwa tangu miaka ya 1950. Chagua fonti yenye zote mbili, la sivyo utaambulia vijisanduku vitupu. Kwa fremu (picha mojamoja za video) 24 kwa sekunde unazo 720, nawe usizimalize kwenye jina la mtayarishaji, kama wengi wetu tupendavyo.