Siku 21 Kabla ya Sikukuu: Gumzo la Kikundi cha Familia

Mama: Shikamoo, Mama mkwe, na wengine wote nawasalimu. Leo zimebaki siku 21 kufika sikukuu, na nimeona heri niliseme jambo hili mapema badala ya kulinyamazia kama nilivyofanya mwaka jana. Siku ile nilikaa kitini kwa mara ya kwanza baada ya watoto kulala, mabuti yangu yakiwa bado na matope ya zizini, na sikumbuki hata wimbo mmoja walioimba. Naomba tuamue pamoja ni kazi zipi zinaweza kuondolewa katika siku hizo, ili nami niwepo.

Bibi: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kusema.

Baba: Mama watoto, nimelisoma neno lako na limenigusa, kwa sababu nilikuona umechoka nikadhani ni uchovu wa kawaida. Nianze na ng'ombe, kwa kuwa ndiye anayetuamsha alfajiri na kuturudisha zizini jioni. Kwa hesabu ya tarehe aliyopandishwa, amebakiza siku 80 hivi kuzaa, na tumezoea kumkausha maziwa anapobakiza siku 60 ili kiwele kipumzike na ndama akue vizuri. Tukifuata hesabu hiyo, kumkausha kutaangukia sikukuu yenyewe, na zile siku za mwanzo ndizo zinazotaka uangalizi mkubwa, maana kiwele hujaa na ugonjwa wa kiwele huingia kwa urahisi. Napendekeza tumkaushe wiki moja mapema zaidi. Hatadhurika kwa kupumzika siku chache zaidi, na sikukuu itatukuta hakamuliwi.

Dada Mkubwa: Baba, hilo litatuondolea kukamua mara mbili kwa siku, lakini maziwa ya kupikia yatatoka wapi?

Baba: Mbuzi wawili bado wanakamuliwa, binti yangu, nao hawachukui hata nusu ya muda wa ng'ombe. Tukianza leo kuweka akiba ya siagi na samli, tutakuwa na ya kutosha.

Kaka: Shikamooni nyote. Mimi nitafika kutoka mjini siku mbili kabla, na ninaomba nikabidhiwe mbuzi, kuku na maji ya asubuhi kwa siku zote 3 za sikukuu. Mama, ninaomba usiniambie kwamba ni haraka zaidi ukifanya mwenyewe, hata kama ni kweli.

Mama: Ni kweli, mwanangu, na nilikuwa tayari nimeanza kuliandika nikalifuta. Nakukabidhi. Ila yule mbuzi mweusi hatulii kwa mkono mgeni, kwa hiyo jioni utakayofika tutamkamua pamoja, umzoee naye akuzoee.

Dada Mkubwa: Nitaandika utaratibu wote kwenye ubao wa mlango wa banda: kipimo cha chakula cha kila mnyama, nani hula kwanza, na lango lipi halijifungi lenyewe. Mambo hayo yote yamo kichwani mwa Mama peke yake, na nadhani hapo ndipo uchovu wake unapoanzia, maana hata akiwa amekaa anaendelea kuyahesabu.

Shangazi: Umesema kweli tupu, mwanangu. Nami naongeza la zawadi. Tuliazimia kutengeneza kila kitu kwa mikono yetu, na azimio hilo jema liligeuka kuwa usiku wa kushona hadi macho yakauma. Mwaka huu kila mtu amtengenezee mtu mmoja tu, tupige kura kujua nani amtengenezee nani.

Dada Mkubwa: Naunga mkono, Shangazi. Tena ile nta iliyobaki tulipovuna asali ingetosha mishumaa. Tuiyeyushe jioni moja sote tukiwa jikoni, sufuria ndani ya sufuria yenye maji, kwa sababu nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 tu na ikiwekwa moja kwa moja juu ya moto inaweza kushika moto.

Kitindamimba: Shikamooni. Mimi nina swali kuhusu yule kuku mwekundu ambaye ameng'ang'ania kiota tangu juzi. Mayai huchukua siku 21. Akiwekewa mayai leo, je, vifaranga hawatatoka siku ya sikukuu?

Mama: Mwanangu, tunapunguza kazi, nawe unaniletea vifaranga?

Bibi: Mwanangu, niruhusu nimsemee mjukuu wangu. Vifaranga wa mashine ni kazi, kwa kuwa wewe ndiwe mama yao na joto lao, lakini kuku anayeatamia hubeba kazi hiyo mwenyewe. Anataka mahali pa faragha, chakula, na maji katika chombo kifupi ambacho kifaranga hawezi kuzama. Mimi nikiwa mdogo nilikaa kando ya kiota nikisikia kifaranga analia ndani ya yai kabla hajatoboa ganda, na hadi leo nikifumba macho nakisikia.

Kitindamimba: Mama, nitamhudumia mimi mwenyewe kila siku.

Baba: Ujue pia kwamba kifaranga anaweza kuchukua hata siku nzima tangu atoboe ganda hadi atoke, nawe usimsaidie kulivunja, maana anaweza kuvuja damu. Utakachofanya ni kukaa na kutazama tu.

Mama: Nimesoma maneno ya Bibi mara mbili. Mwekee. Na siku hiyo nitakuja kukaa nawe hapo kiotani, kwa kuwa mbuzi watakuwa na kaka yako na ng'ombe atakuwa amepumzika. Subiri giza liingie ndipo umwekee mayai, atatulia upesi zaidi.

Kitindamimba: Nimemwekea mayai 11, Mama. Ameyasogeza yote chini ya mbawa zake kwa mdomo, moja baada ya jingine. Nimeandika tarehe ukutani kwa chaki.