Ukoo wa Mtoni: gumzo la njia ya baiskeli

Shangazi Mwajuma: [picha]

Shangazi Mwajuma: Hiyo ndiyo njia ya baiskeli mnayoisifia humu. Haya nihesabieni, baiskeli ziko ngapi?

Rehema: Shikamoo shangazi. Naona bodaboda watatu, toroli la mihogo na mama wa mahindi ya kuchoma 😂

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Huyo wa mahindi jirani yangu, mwacheni. Nasema baiskeli.

Idd: Sifuri

Shangazi Mwajuma: Ahsante. Jana nimetoka kununua mafuta ya kula, boda kanipitia kwa nyuma hata honi hana. Dumu hilooo! Lita tano zote zimenyweshwa matofali. Namwambia huku si kwa pikipiki, ananijibu "na wewe mama si baiskeli."

Idd: 🤣🤣🤣 Pole shangazi, sicheki wewe, nacheka boda

Mjomba Salum: Mimi nasema kila siku mnaniona mkorofi. Watu tuna foleni, wao wanajenga njia za baiskeli kama tuko Uholanzi. Nafasi ile ingekuwa leni ya gari Kilwa Road ingepumua.

Rehema: Shikamoo mjomba. Ingepumua wiki mbili halafu ikajaa. Kila leni inayoongezwa mnaijaza nyie wenye Noah.

Mjomba Salum: Marahaba. Noah yangu inawapeleka nyie nyote kwenye misiba, usisahau.

Rehema: Sijasahau mjomba 🙏 Lakini tazama Morogoro Road. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, Kimara mpaka Kivukoni, na pembeni wakaweka njia ya miguu na ya baiskeli. Mpaka Dar ikapata tuzo ya kimataifa ya usafiri ya 2018, jiji la kwanza Afrika.

Shangazi Mwajuma: Tuzo haizibi pancha.

Idd: 😂😂 Shangazi leo!

Idd: Ila mimi naomba ruhusa ya wazee, nataka kununua baiskeli. Nimeona mtumba wa Kijapani, ile ya kikapu mbele, gia tatu, fundi anataka laki na themanini. Jioni Kariakoo nasimama saa nzima nagombea dirisha la daladala. Kwa baiskeli nusu saa niko Mtoni.

Mjomba Salum: Kwa jua hili la Dar? Utafika kazini umelowa kama umeanguka baharini.

Idd: Kwani kwenye daladala tunashuka wakavu mjomba?

Shangazi Mwajuma: Sina shida na baiskeli Idd, shida yangu huko utakakopita. Wakikugonga nani atakuuguza? Mimi na goti langu hili?

Rehema: Hata mimi nilikuwa natamani ya kwendea Posta.

Shangazi Mwajuma: Wewe na baibui lako hilo, litaingia kwenye cheni. Tulia.

Rehema: Ndiyo maana zile za Kijapani zina kifuniko cha cheni shangazi 😌

Mjomba Salum: Swali langu hamjajibu. Nani anatumia? Mimi napita Morogoro Road kila siku, baiskeli nazihesabu kwa vidole.

Idd: Baba mdogo anaandika toka saa mbili kasoro, tumsubiri

Baba Mdogo Athumani: Nawasalimu wote. Simu yangu kioo kimepasuka mnivumilie.

Baba Mdogo Athumani: Shemeji Salum unapita saa ngapi? Mimi napita saa kumi na nusu alfajiri. Natoka Feri na tenga la samaki kwenye keria, nimelifunga kwa mpira wa tairi, maji yananichuruzikia kisiginoni mpaka Manzese. Tunakuwa wengi. Wa samaki, wa mikate, wa maziwa, walinzi wanatoka lindo. Wewe ukiamka sisi tumeshauza.

Baba Mdogo Athumani: Zamani kabla ya ile njia nilikuwa nabanana na malori. Lori likikupita karibu na una tenga nyuma, upepo wake unakuvuta. Mwenzangu mmoja alivutwa hivyo, mguu mpaka leo haukunji. Kwa hiyo mtu asiniambie njia haina kazi.

Shangazi Mwajuma: Kaka hilo la lori hukuwahi kuniambia.

Baba Mdogo Athumani: Ningekuambia ungenificha baiskeli.

Baba Mdogo Athumani: Ila Mwajuma naye ana haki. Njia yenyewe ina vituko. Pale inapokatwa na mtaa unakuta ukingo wa zege umesimama hivi, nashuka, nanyanyua gurudumu la mbele, tenga linaruka, vibua wawili chini. Mvua ikinyesha Jangwani ndiyo kabisa. Barabara ya mabasi inasafishwa, tope la kwetu linangoja jua. Mwaka 2021 machinga walipoondolewa tukapita vizuri, wakahamia boda.

Rehema: Kumbe tatizo ni usimamizi baba mdogo. Wangeweka vyuma pale mwanzoni, baiskeli ipite boda isipite.

Baba Mdogo Athumani: Mwanangu, mpini wa baiskeli na wa bodaboda vinakaribiana upana. Chuma kikimzuia boda na tenga langu halipiti. Anatakiwa askari asimame pale, siku mbili tu za faini mtaona.

Mjomba Salum: Sawa shemeji, nimekuelewa. Lakini askari watoke wapi?

Baba Mdogo Athumani: Waanze na wewe. Jumamosi pale Magomeni kuna Noah nyeusi imepaki juu ya njia ya baiskeli, taa zinawaka waka. Nikashuka barabarani na tenga langu, daladala likanipigia honi hadi nikasahau jina. Ubavuni mwa ile gari kuna kibandiko cha harusi ya Rehema.

Idd: 💀💀💀

Rehema: Mjombaaaa

Mjomba Salum: Nilishuka kununua vocha tu. Dakika mbili!

Shangazi Mwajuma: Na boda wangu naye alikuwa na dakika mbili. Dumu la lita tano shemeji, naomba uje nalo Jumapili.

Mjomba Salum: Sasa boda kamwaga, nilipe mimi?

Shangazi Mwajuma: Ya alizeti.

Mjomba Salum: Haya.

Idd: Kwa hiyo wazee ninunue?

Baba Mdogo Athumani: Usinunue kabla sijaiona. Hao mafundi wanapaka rangi fremu iliyoungwa. Njoo nayo Manzese niikague, na uweke taa ya nyuma. Na gia tatu za nini, Mtoni hakuna mlima.

Shangazi Mwajuma: Kaka, kesho changu watakuwepo?

Baba Mdogo Athumani: Bahari imechafuka. Labda dagaa.